Radhi ya Mwalimu Gharib

Siku Mahir aliporudi Shela, sikusikia kitu. Nasema kweli. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, Mama akaingia anahema, mtandio umemwanguka begani, akanambia, "Thuwaiba, yuko nde, mlangoni."

"Nani?" nikauliza, japo nilijua.

"Mahir."

Nikaendelea na mchele wangu. Nikatoa kijiwe, nikakitia kisahanini. Nikatoa kingine.

"Hukusikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Ndiyo hivyo tu? Umesikia?"

Ningemwambia nini? Wenzangu wakisimulia mapenzi yao husema moyo ulidunda, magoti yakalegea, sijui macho yakaingia giza. Mimi moyo wangu ulikaa pale pale ulipo. Tangu ile picha itoke nilikuwa kama mguu uliolaliwa: unauona ni wako, lakini ukiufinya hausemi. Nilipika, nikafua, nikamgeuza Baba kitandani, nikacheka mtu aliposema la kuchekesha. Kusikia ndiko kulikokuwa hakuna.

Nieleze, maana tusipotoka pamoja hatutafika pamoja.

Baba yangu ni Mwalimu Gharib. Nusu ya wanaume wa Shela wamesomea Qur'ani mbele ya bakora yake. Alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala na ulimi ukawa mzito, neno moja linamtoa jasho. Kaka yangu Ayman yuko Mombasa, ana kazi na mke. Mimi nilikuwa Mombasa pia, mwaka wa pili chuo cha ualimu. Ayman aliulizwa, "Utaweza kuja?" Mimi niliambiwa, "Njoo." Nikaja.

Ayman alituma muuguzi wa kunisaidia, Baba akamfukuza. "Mimi... si mzigo," alisema, na ilimchukua muda kulimaliza. Basi Bi Umi, jirani yetu, akamnong'oneza Mama kwamba ana mtoto wa nduguye, kijana wa Pate anayesomea umeme, na chuo chao hakimpi mtu cheti mpaka atumikie jamii muhula mzima. Lazima, hakuna msamaha. Akamtazame Mwalimu, Mama apate kupumua, na kijana apate cheti chake. Mama akakubali kwa sharti moja: Mwalimu aambiwe kijana amekuja kusoma.

Uongo wa heri, alisema Mama baadaye. Nami hakunambia, maana anaujua mdomo wangu.

Na uongo huo ulikwenda kama mashua yenye upepo. Kwetu mwanafunzi humtumikia mwalimu wake. Humshikia viatu, humtilia maji ya kutawadha, humtembeza. Hiyo ni khidma, na mwalimu hapungukiwi na kitu akiipokea, huzidi. Baba aliyekataa kutazamwa na muuguzi akakubali kuvikwa viatu na mwanafunzi. Kila alasiri alitolewa dakani, pale mlangoni petu kwenye viti viwili vya mawe vinavyotazamana, akaketi kimoja na Mahir kimoja, wakasoma. Mwenye ulimi mzito akimfunza mwenye ulimi mzima jinsi ya kutamka! Mahir akitamka vibaya, Baba hugonga bakora chini. Akitaka kumsahihisha, hulazimika kulitamka mwenyewe, na kwa kulitamka na kulitamka, ulimi wake ukaanza kurudi.

Nami nilikuwa nyuma ya mlango na dele la kahawa. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha mkono kupita. Niliujua mkono wake kabla ya kuujua uso.

"Bi Thuwaiba, kahawa yako yeo ina hasira."

"Ina tangawizi."

"Basi tangawizi ina hasira."

Upuuzi, naam. Lakini kwa upuuzi huo nililala nikicheka. Mama yake wa Pate akaanza kutuma salamu zilizozidi salamu, na Mama yangu akaanza kuzijibu. Ilibaki posa tu.

Kisha muhula ukaisha, Mahir akaitwa Mombasa kwenye mahafali. Alipokuwa huko, Bwana Abdulghafur mwenye duka alikuja mbio na simu yake mkononi. "Mwalimu! Umetoka mtandaoni!" Masikini, alidhani ni furaha. Baba akavaa miwani, akaishika simu kwa mkono wa kushoto, akasoma mwenyewe. Alikuwa yeye pale dakani, kofia yake ya kazi nzuri kichwani, mdomo umekwenda upande, na chini yake chuo kimeandika: *Mwanafunzi wetu bora wa huduma ya lazima kwa jamii, akimhudumia mzee asiyejiweza.*

Alisoma mpaka mwisho. Akairudisha simu, akaashiria aingizwe ndani. Tangu siku hiyo hakutoka tena kwenda dakani na hakusema neno, si kwangu, si kwa Mama, si kwa daktari. Kiharusi kilimwachia nusu ya ulimi. Picha ikachukua nusu iliyobaki.

Nilimwandikia Mahir neno moja, *Usirudi*, kisha nikamfungia simu. Hapo ndipo nilipoacha kusikia.

"Amekaa chini," Mama akasema sasa. "Kitini hakukaa. Amekaa mavumbini, pale kizingitini."

"Ana nguo safi?"

"Thuwaiba!"

Tulikuwa na mgeni siku hiyo, shangazi Kadija, dadake Baba, na shangazi Kadija hangoji kuitwa kwenye ugomvi. Alikwisha kunyanyuka. Tukamsikia kule mlangoni.

"Shikamoo, Bi Kadija," ilikuwa sauti ya Mahir.

"Sina marahaba ya kukupa. Ondoka mlangoni mwa watu."

"Siko mlangoni, Bi Kadija. Niko chini."

"Unanijibu?"

"La, Bi. Mwanafunzi aliyemuudhi mwalimu wake hukaa kizingitini mpaka aitwe. Mwalimu alinifunza mwenyewe."

"Mwanafunzi! Haya makubwa! Mwanafunzi wa nini, wewe? Nilisema mimi, huyu Mpate tungemuuliza kwanza ukoo wake na nia yake. Hatukuuliza, tukaonyeshwa Mombasa nzima. Ndugu yangu amesomesha makadhi, yeo aitwe mzee asiyejiweza! Na bado unataka binti!"

Shangazi akarudi ndani, upepo wa buibui lake ukinipita. "Mpe adabu yake," akanambia. "Wewe ndiwe mwenye mdomo."

Nikanawa mikono, nikajifunika, nikaenda nyuma ya mlango wangu wa siku zote. Kupitia mwanya niliona bega lake na kisogo. Alikuwa amekonda. Niliona kwamba amekonda, kama unavyoona duka limefungwa, basi.

"Salaam alaykum, Thuwaiba," akasema bila kugeuka.

"Waalaykumu salaam. Una haja gani?"

"Kwa Mwalimu nina haja ya radhi. Kwako..."

"Anza na moja. Ile picha uliipiga lini?"

"Siku alipotamka jina langu zima kwa mara ya kwanza. Alicheka, unakumbuka? Nikafurahi, nikapiga. Kisha chuo kikataka ithibati kwamba kweli nilitumika, nikawapa hiyo, maana ndiyo nzuri kuliko zote. Maneno yaliyo chini si yangu, wallahi."

"Maneno si yako. Picha?"

"Yangu."

"Na uso?"

Punda aliyebeba mchanga akapita, mwenye punda akamsalimia Mahir, naye akaitika.

"Uso ni wa Mwalimu," akasema. "Nilipaswa kumuomba ruhusa. Sikumuomba, kwa sababu ningemuomba ingebidi nimwambie ni ya nini."

"Kwa hiyo ni kweli. Ulilazimishwa kuja kwetu."

"Nililazimishwa."

Nilitaraji atapinda. Wanaume wa hadithi husema, la, mpenzi, tangu siku ya kwanza nilikuja kwa ajili yako. Huyu akasema nililazimishwa, akaniacha na neno langu.

"Wenzangu wengine walifagia ufuo asubuhi moja," akaendelea, "wakapiga picha na mifagio, wakaandikiwa wametumika, wakaenda zao. Mimi nilipoambiwa ni mzee, muhula mzima, nilinuna boti nzima kutoka Mokowe. Nilisema, nimesomea nyaya, mimi na wazee wapi na wapi? Chuo kisingenilazimisha, Thuwaiba, nisingejua kwamba mlango huu upo duniani."

"Basi tuwashukuru. Tuwapelekee halua."

"Sikusema hivyo."

"Sema tu. Ni jambo la heri, vijana walazimishwe kutenda wema. Wema ukishaandikwa, wafunge mkoba, waende. Unaijua tofauti yetu mimi na wewe, Mahir?" Nilisema polepole, sikuwa na hasira hata ya kupandisha sauti. "Wewe ulilazimishwa kumhudumia baba yangu, ukapewa cheti. Mimi nililazimishwa kumhudumia baba yangu, nikanyang'anywa changu. Na mimi hakuna aliyenipiga picha."

Jikoni sauti ya kinu ilisimama. Mama alikuwa amesikia. Sikuwahi kulisema neno hilo ndani ya nyumba ile, na sikujua kwamba ninalo.

"Na unampenda?" Mahir akauliza.

"Nani?"

"Mwalimu."

"Swali gani hilo! Ni baba yangu."

"Basi wewe umelazimishwa, na unampenda. Vyote viwili. Mbona mimi unanitaka niwe na kimoja?"

Nikausogeza mlango kidogo nisimwone, kisha nikaurudisha.

Akageuza uso kidogo, nikaona shavu. "Nimepata kazi Ras Kitau, kwenye hoteli moja hapo ng'ambo. Umeme. Ya Mombasa nimeikataa. Natoka adhuhuri, navuka, alasiri zote ni za Mwalimu akinikubali. Wewe rudi chuoni umalize ualimu wako. Ukinitaka, rudi. Usiponitaka, rudi vile vile."

"Na cheti cha huduma hiyo atakuandikia nani?"

"Hakuna."

"Ukichoka?"

"Nitachoka. Kwani wewe huchoki?"

Yalikuwa maneno mazuri. Nilijua ni mazuri. Zamani, kwa nusu yake, ningeuegemea mlango nikalia. Nikangoja nilie. Hakikuja kitu.

"Nikwambie kweli, Mahir? Sisikii kitu. Usidhani nakukomoa. Si wewe tu. Chakula natia mdomoni sijui ni samaki au ni nini. Nikisema nakupenda nitakuwa nadanganya, na nikisema nakuchukia pia. Uongo tumekwisha kuwa nao mwingi humu."

"Basi usiseme. Mimi nitakaa tu."

"Kaa. Kizingiti si changu."

Niligeuka niende zangu kwenye mchele. Nyuma yangu akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kama alivyozoea akimngoja Baba atolewe. Ilikuwa sura fupi waliyoishia kabla hajasafiri. Akaenda vizuri, vizuri, akafika pale anapokosea siku zote, pa kuvuta sauti yeye akakata.

Ndani, chumbani kwa Baba, pakasikika: *ngo!*

Nikasimama. Mama akachungulia jikoni, mchi mkononi. Shangazi Kadija, aliyekuwa katikati ya neno, akaliacha lilipo.

Mahir akaanza tena tangu mwanzo. Akafika pale pale, akakata.

*Ngo! Ngo!*

"Ru... di... a."

Sauti ilikuwa na kutu. Mama akashika ukuta. "Ya Rabbi," akasema, "Baba Ayman."

Baba alitufunza tangu tukiwa wadogo kwamba mwenye kujua akisikia Qur'ani inakosewa akanyamaza, kosa huwa lake. Sijamwona akiacha kosa lipite, hata la mwenye kuombea maiti. Sasa alikuwa amefungiwa chumbani na hasira yake, na kosa limekaa kizingitini linamngoja.

"Unafanya makusudi?" nikamnong'oneza Mahir mlangoni.

"Astaghfirullah! Nani achezee Qur'ani?" Akaanza mara ya tatu, akakosea vibaya kuliko zote, kwa kuwa sasa alikuwa analia. Hapo nikamwamini. Mwenye kuigiza angepatia.

Tukasikia bakora na mguu unaoburutwa. Bakora, mguu. Baba akatokeza ukumbini, kofia kichwani, kikoi kimefungwa upande. Nikamkimbilia, akaniondoa kwa kiwiko. Akatupita sote, mimi, Mama na dadake, mkono wa kushoto juu ya bakora, mpaka dakani. Akajishusha kwenye kiti chake cha mawe. Alipumua kwa muda mrefu. Mahir hakuinua kichwa.

"Vu... ta," akasema Baba. Akalitamka neno lile mwenyewe, likamvuta shavu na jicho, akalifikisha. "Hivyo."

Mahir akalisoma. Akavuta panapovutwa. Baba akatikisa kichwa mara moja.

"Mwalimu," Mahir akasema akitazama miguu ya Baba, "mimi sikuja kwako kusoma. Nililetwa na lazima. Nilikudanganya muhula mzima, na uso wako nikautoa bila ruhusa yako. Naomba radhi."

"Uongo ulikuwa wangu, Baba Ayman," Mama akadakia ndani. "Kijana nilimtuma mimi."

Baba akaangalia njia. Watoto wa madrasa waliokuwa wakipita walisimama walipomwona, wakamwamkia mmoja mmoja, naye akainua kidole kwa kila mmoja mpaka wakaisha.

"Na mimi," akasema, "nimelazimishwa... kutoka. Wewe... wakosea... nikae... vipi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Radhi... bado. Maliza... kwanza."

"Nimalize nini, Mwalimu?"

"Juzuu."

"Yote?" shangazi Kadija akashindwa kujizuia. "Kwa ulimi huo na kwa huyu mtoto, mtamaliza lini, ndugu yangu?"

"Chuo changu," Baba akasema, na upande mmoja wa mdomo ukapanda kidogo, "hakina... mahafali." Kisha akagonga mlango kwa bakora. "Thuwaiba. Kahawa."

Jina langu. Nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu ile picha. Nikaenda kulileta dele, nikamimina vikombe viwili. Nilipompa Baba chake, hakukipokea. Alinishika mkono kwa ule wake wa kushoto, kwa nguvu nisizojua kama bado anazo. Kumbe ukuta wa chumba chake ni mwembamba. Alikuwa amesikia yote.

"Muhula... ukifunguliwa," akasema, "wende... chuoni."

"Baba, nani atakaa nawe?"

Akaashiria kwa kidevu yule aliyekaa mavumbini. "Huyo... ana lazima."

Kikombe cha pili nikakipitisha mwanyani. Mkono ukaja kukipokea, ule ule ninaoujua, ukakishika ukingoni ili usiguse wangu. Mahir akainua macho. Yalikuwa mekundu, na hayakuniomba kitu. Nadhani ndicho kilichonishinda.

"Nikungoje, au nisikungoje?" akauliza kwa chini.

"Mngoje Mwalimu. Mimi niko nyuma yake."

Nikarudi jikoni kwenye ungo wangu. Nikachukua punje, zikaniponyoka. Nilipotazama, kidole kilikuwa chekundu, kimevimba. Kikombe kilikuwa kimeniunguza wakati Baba amenishika, na sikujua. Nikakitia kwenye maji. Kikaanza kuwaka, kwanza kidogo, kisha mkono mzima. Nikakaa kitako sakafuni, nikalia. Nililia kwa Baba na kofia yake kwenye ile picha. Nililia kwa chuo changu, na kwa Ayman aliyeulizwa. Mwisho kabisa nililia kwa Mahir, kwamba amekonda.

Huko nje bakora iligonga. "Rudia."

Mama alikuja mbio, akapiga magoti mbele yangu. "Una nini, mwanangu? Una nini?"

Nikamwonyesha kidole. "Kinaniuma, Mama. Kinaniuma sana."

Mama akakitazama, akanitazama usoni, akakibusu.

"Alhamdulillahi," akasema.